Kerala kwa msafiri wa peke yake: je, mifereji na maziwa ya pwani yanaonekana bila kukodi boti ya kulala?

Bintikilindini (Mombasa) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, na likizo ya Desemba ijayo nimeazimia kwenda Kerala, kusini-magharibi mwa India, kuiona ile nchi ya mifereji, mito na maziwa ya pwani inayoanzia Kochi na kuteremka hadi Kollam. Nitasafiri peke yangu. Ndugu zangu wameshanisemea mengi kuhusu uamuzi huo na sihitaji kusemewa tena. Ninachohitaji ni maarifa ya watu waliofika.

Tatizo langu ni hili. Kila wakala wa utalii niliyemwandikia hunijibu kwamba Kerala haionekani ila kwa kukodi boti ya kulala, ile yenye vyumba, mpishi na paa la mikeka, na bei wanayonitajia ni ya boti nzima, kwa hiyo mtu mmoja hulipa karibu sawa na mume na mke. Hata kama ningekuwa na fedha hizo, sioni raha ya kukaa peke yangu kwenye sebule inayoelea huku nikihudumiwa na wanaume nisiowajua. Nimesikia pia kwamba zipo boti za abiria za serikali zinazopita majini humohumo, lakini hakuna wakala aliyekubali kunieleza habari zake, na sababu yake naielewa.

Basi naomba mnieleze: makao yangu yawe mji gani? Je, boti za abiria zinatosha kumwonyesha mgeni nchi yenyewe, au hupita kwenye maji mapana tu na kuziacha njia nyembamba? Mwanamke wa Kiislamu anayesafiri peke yake atapata taabu gani, na chakula je? Na mambo ya viza na chanjo kwa anayetoka Kenya yakoje? Nitashukuru kwa majibu marefu, hata yakipingana.

Mwanashela (Lamu) anajibu:

Mawakala wanakuuzia kile walicho nacho, si zaidi. Boti ya kulala ina uzuri wake, lakini kwa mtu mmoja ndiyo njia ghali kuliko zote na, kwa maoni yangu, ndiyo inayoonyesha kidogo kuliko zote. Asili yake ni kettuvallam, mashua ndefu za kupakilia mpunga ambazo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, kisha zikapakwa mafuta meusi yatokanayo na maganda ya korosho. Sisi tuliolelewa kwa habari za mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani yetu, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Shehena ilipohamia kwenye malori, mashua hizo zikabaki bila kazi, na kuanzia miaka ya 1990 zikawa zinageuzwa malazi ya watalii. Za leo nyingi zimejengwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo, zina viyoyozi na jenereta, na ukubwa wake hauziruhusu kuingia kwenye mifereji ya vijijini. Huondoka Alappuzha adhuhuri, huzunguka ziwani saa chache zikifuatana foleni, na kabla ya magharibi hufungwa kando ya ukingo, kwa sababu usiku maji ni ya wavuvi na nyavu zao. Asubuhi saa tatu umekwisha kurudishwa ulikotoka.

Makao yako yawe Alappuzha, mji ambao ramani nyingi bado zinauita Alleppey. Ukishuka Kochi, treni kutoka Ernakulam, upande wa bara wa mji huo, huchukua saa moja na kitu, na gati la boti za abiria liko kando ya mfereji mkubwa, jirani kabisa na stendi ya mabasi ya serikali, hata huwezi kupotea. Boti hizo ni za Idara ya Usafiri wa Majini ya Jimbo la Kerala, idara iliyoanzishwa mwaka 1968 na yenye makao yake makuu papo hapo Alappuzha. Hazikuwekwa kwa ajili ya mgeni. Ni daladala za watu ambao nyumba zao hazina barabara. Nauli ni makumi machache ya rupia hata kwa safari ndefu. Kutoka Alappuzha kuna boti za kwenda Nedumudy, Kainakary, Kavalam na Pulinkunnu, na ile inayosifiwa sana ya kwenda Kottayam, ambayo hukata sehemu ya ziwa Vembanad, ikaingia kati ya mashamba ya mpunga, na kufika baada ya takriban saa mbili na nusu. Hiyo ya Kottayam ina madaraja ya kuinuliwa kwa kamba njiani, na likiharibika moja boti huishia Kanjiram, nawe humalizia kwa basi.

Kaa katikati, karibu na injini, hata kama kelele zinaudhi. Mshika usukani yuko mbele peke yake, na fundi wa injini yuko chini katikati ya boti haoni maji wala gati. Kinachowaunganisha ni kamba na kengele. Kengele ikilia, injini hupunguzwa, boti inajisogeza kwenye ngazi ya mawe mbele ya nyumba ya mtu, mwanafunzi mwenye sare anaruka kabla kamba haijafungwa, mama mmoja anapokewa kapu lake la samaki, kengele inalia tena, na mmeondoka. Kuna vituo ambavyo ni mnazi mmoja na kibao. Ukikaa humo asubuhi nzima unaona barua, mitungi ya gesi, watoto wa shule na maharusi wakipita njia moja, jambo ambalo aliye kwenye boti ya kulala huliona kwa mbali tu, akiwa amekaa kwenye kiti cha ukili.

Umeuliza kama boti za abiria hupita maji mapana tu. Hupita yote mawili, lakini jambo la kutazama kwa makini ni kimo cha maji. Eneo linaloitwa Kuttanad, upande wa mashariki na kusini mwa ziwa, lina mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari, mengine kwa karibu mita 3, kwa hiyo ukiwa ndani ya boti unalitazama shamba kwa kuinamisha macho: maji ya mfereji yako juu, ukingo wa udongo katikati, mpunga chini. Kingo hizo zilijengwa kwa mikono, watu wakipiga mbizi kuchota matope ziwani. Mashamba makubwa ya Chithira, Marthandam na Rani yaliporwa kutoka ziwani kwa njia hiyo katika miaka ya 1940. Maji ya ziada hupampiwa nje kabla ya kupanda. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Wewe utafika wakati wa msimu wa mpunga wanaouita puncha, ambao hupandwa Novemba na Desemba na kuvunwa Machi na Aprili, kwa hiyo utakuta miche michanga na makundi ya bata yakiswagwa kwenye mifereji na mtu aliyesimama mtumbwini na fimbo.

Njia nyembamba zenyewe ni za mtumbwi. Mkodi mwenyeji wa Kainakary au Champakulam anayesukuma kwa pondo, si mwenye injini, na muondoke alfajiri, kwani ikifika saa tatu boti za watalii zinaanza kutibua maji. Kwa mtu mmoja bei huwa nafuu, maana mtumbwi mdogo hukodiwa kwa saa.

Mwenyeji wa Ruwi (Maskati) anajibu:

Kuhusu boti za abiria nakubaliana na Mwanashela neno kwa neno. Kuhusu Alappuzha nina langu la kusema. Nafanya kazi na Wamalayali, yaani watu wa Kerala, hapa Oman tangu ujana wangu, nimealikwa makwao mara nyingi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunipeleka Alappuzha kupumzika. Mji huo una haki ya sifa zake, lakini boti zake za watalii zimezidi, na wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya ni msongamano mtupu na bei hupanda kila mahali. Kama unaweza kwenda mwanzoni mwa Desemba, nenda, ukivumilia kwamba manyunyu ya mwisho huenda hayajaisha. Huku kwetu tunahesabu kwa pepo, na kule pia: kusi inapovuma, Juni hadi Septemba, Kerala hunyeshewa mvua zake kubwa, zile ambazo Agosti 2018 zilileta mafuriko yaliyoizamisha Kuttanad, Oktoba na Novemba huja mvua za pili, kisha kaskazi ikishatulia, kuanzia Desemba hadi Februari, ndipo hewa inapokuwa nyepesi.

Ushauri wangu ni kwamba usiku wako mwingi uuweke kusini, karibu na Kollam, kwenye ziwa Ashtamudi. Mji huo ni bandari ya kale. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, baadaye alifika pwani hiyo ya Malabar na kusafiri kutoka Calicut hadi Kollam kwa njia ya maji muda wa siku 10, akilala vijijini kila jioni na kurudi chomboni asubuhi, yaani kama unavyotaka kufanya wewe. Alimwajiri Mwislamu mmoja kumbebea zulia lake, na analalamika kwamba mtu huyo kila wakishuka alikuwa akinywa pombe na wenyeji na kumletea ugomvi. Kwa hiyo mchague vizuri mbeba zulia wako.

Mahali penyewe ni kisiwa cha Munroe, ambacho wenyewe hukiita Munroethuruthu, pale mto Kallada unapoingia Ashtamudi. Treni za abiria zinazotoka Kollam husimama hapo, kwenye kituo kidogo ambacho ukishuka unasikia vyura kabla hujasikia watu. Hakuna boti kubwa inayoweza kuingia. Mwenye mtumbwi husukuma kwa pondo katika mifereji ambayo mikono yako ikinyooshwa hugusa kingo mbili, na kwenye madaraja ya waenda kwa miguu yeye huinama mpaka goti, nawe hulala chali chomboni. Utapita nyuma ya majiko ya watu. Mwanamke anaosha sufuria, mtoto anapiga mswaki, mzee anasokota kamba ya makumbi, na wote wanakuitikia salamu bila kuacha kazi. Ndiyo maana nasema mgeni wa peke yake anafaa zaidi hapo kuliko kundi la watu wanane wenye kamera.

Lakini utaona pia jambo la kusikitisha. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, huingia ndani ya nyumba, na zipo nyumba zilizohamwa, kuta zikiwa zimeliwa na chumvi hadi usawa wa kiuno. Wenyeji huitaja tsunami ya Desemba 2004, na hulitaja vilevile bwawa lililojengwa juu ya mto Kallada, ambalo limezuia udongo uliokuwa ukikijaza kisiwa kila mafuriko. Usiogope kuuliza, wanapenda kueleza. Ashtamudi, kama Vembanad, imo tangu 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na uvuvi wake wa kome ulikuwa wa kwanza India kupata, mwaka 2014, cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu. Asubuhi maji yakipwa utawaona wanaume wamesimama ziwani hadi kifuani, wakikwangua chini kwa miguu na mikono.

Ukiambiwa habari za boti ya kitalii ya Alappuzha hadi Kollam ya saa nane, uliza kwanza gatini kama inafanya kazi, kwani huwa ya msimu na huenda isiwepo kabisa. Hata ikiwepo, kwangu saa nane za kukaa kitini zinazidi. Treni hukufikisha kwa muda mfupi zaidi, na saa zilizobaki uzitumie mtumbwini.

Mkaazi wa Upanga (Dar es Salaam) anajibu:

Dada, niruhusu nijibu yale ambayo waungwana hawa wameyaruka.

Kwanza mavazi na dini. Kwa sensa ya 2011 zaidi ya robo ya wakazi wa Kerala ni Waislamu, kwa hiyo mtandio wako hautamshangaza mtu, na misikiti iko hadi kwenye vijiji vya majini. Ukitaka kuzuru mahali pa kihistoria, kaskazini ya Kochi, huko Kodungallur, upo msikiti wa Cheraman ambao kwa masimulizi ya wenyeji ulijengwa mwaka 629, enzi za Mtume mwenyewe. Nguo pana inayofunika mabega na magoti inatosha popote. Nguo za kuogelea hata kwenye fukwe huvutia macho yasiyotakiwa. Katika mabasi, viti vya mbele vimetengewa wanawake, na watu huliheshimu jambo hilo; ukikuta mwanamume amekaa hapo, simama tu mbele yake, atanyanyuka au atanyanyuliwa na wengine. Kwenye boti sikuona mgawanyo kama huo, ila akina mama hukaa pamoja na watakuita ukae nao.

Sikuwahi kuhisi hatari mchana. Usiku ni habari nyingine, na si kwa sababu ya watu peke yake: njia nyingi za vijijini ni kingo za udongo kati ya mfereji na shamba, hazina taa, na anayejikwaa huanguka majini. Panga uwe umefika kabla ya magharibi, na kama mwenye nyumba anaahidi kukupokea gatini, mwombe asitume bajaji bali mtu wa nyumbani kwake, ikiwezekana mkewe au mama yake.

Pili malazi. Tafuta nyumba ya familia inayopokea wageni, lakini kabla ya kulipa uliza swali moja: je, wamesajiliwa kupokea raia wa kigeni? Sheria ya India humtaka mwenye malazi apeleke taarifa za mgeni kutoka nje kwa mamlaka, katika muda wa saa 24. Nyumba nyingine ndogo hazina usajili huo, na mgeni hufika usiku na begi lake akaambiwa atafute kwingine. Kwa aliye peke yake hilo ndilo jambo la kukwepa kuliko yote.

Tatu chakula, ambacho kwa mtu wa pwani ni furaha. Nazi imo katika kila kitu. Utapewa appam, mkate mwembamba wa unga wa mchele uliochachuliwa, na mchuzi wa tui. Utapewa muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki mwekundu wenye ukwaju wa kienyeji, na ukifumba macho utadhani uko Tanga. Samaki anayesifiwa ni karimeen, bapa, mwenye miiba mingi, anayepakwa viungo na kuokwa ndani ya jani la mgomba. Mezani huletwa maji ya vuguvugu yenye rangi ya waridi. Usiyakatae, yamechemshwa na vipande vya mti uitwao pathimugam na ni salama kuliko ya bomba. Nyama halali si shida. Jihadhari tu na vibao vya vilabu vya tembo la mnazi, ambavyo kwa kweli vina mapishi mazuri mno lakini si mahali pa mwanamke wa peke yake, hasa jioni.

Kuhusu nyaraka: Mkenya huomba viza ya kielektroniki ya India mtandaoni, na uwanja wa Kochi huipokea. Tumia tovuti ya serikali ya India pekee, kwa sababu za kuiga ni nyingi na hutoza mara mbili. Cheti cha homa ya manjano kisikosekane. Kenya imo kwenye orodha yao, chanjo lazima iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini. Chukua fedha taslimu za kutosha, noti ndogondogo, maana malipo ya simu ambayo kila muuza chai anayo kwa kawaida hutegemea akaunti ya benki ya huko.

Jirani wa Dunga (Kisumu) anajibu:

Nina nyongeza moja, nayo ni ya mtu aliyekulia kando ya ziwa lililozibwa na magugu maji. Nilipofika Vembanad niliyakuta yaleyale tunayoyajua Winam, ghuba yetu ya ziwa Victoria: mfereji mzima umefunikwa kijani na maua ya zambarau, na boti inajipenyeza ikisukuma mikeka ya mimea. Wengi hupiga picha wakidhani ni mapambo.

Chanzo chake kimojawapo ni ukuta wa Thanneermukkom, uliojengwa katika miaka ya 1970 kukata ziwa sehemu mbili ili maji ya chumvi yasipande kuelekea mashamba ya mpunga wakati wa kiangazi. Milango yake hufungwa karibu na Desemba na kufunguliwa baada ya mavuno. Mkulima amepata alichotaka. Mvuvi amepoteza, kwa sababu samaki na kamba wakubwa waliokuwa wakipanda na kushuka kati ya maji baridi na maji chumvi hukuta mlango umefungwa. Na chumvi, ambayo zamani ilikuwa ikiyaua magugu kila mwaka, haifiki tena. Juu ya hayo, maji yaliyosimama hupokea mbolea za mashambani na uchafu wa boti za kulala. Basi Bintikilindini, ukifika Desemba utakuta milango imefungwa au inafungwa, na nusu ya kusini ya ziwa itakuwa imetulia tuli.

Ndiyo maana napendekeza uvuke ziwa mara moja upande wa kaskazini pia, ili uone tofauti. Kati ya Vaikom na Thavanakadavu kuna kivuko ambacho tangu Januari 2017 kina Aditya, boti ya abiria 75 inayotumia nguvu za jua, ya kwanza ya aina yake India. Safari yenyewe ni fupi, kama robo saa, na injini haisikiki kabisa. Vaikom penyewe ndipo watu waliozuiwa kwa sababu ya tabaka zao walipodai mwaka 1924 na 1925 haki ya kupita barabara zinazozunguka hekalu, na Gandhi akafika huko kuwaunga mkono. Kwa mwalimu si mahali pa kuruka. Kuna pia kivuko cha Muhamma kwenda Kumarakom, kinachokata ziwa likiwa pana, na huko Kumarakom kuna hifadhi ya ndege ambayo asubuhi na mapema ina vibarabara, kulasitara na mnandi wengi. Vaa jaketi la kuokolea likiwepo, hata kama hakuna mwingine aliyevaa.

Kwa boti ya kulala simwambii mtu asikodi. Ninasema tu kwamba anayekodi aulize maji machafu ya chooni yanakwenda wapi, na atazame uso wa anayejibu.

Bintikilindini anaandika tena:

Nimesoma yote zaidi ya mara moja, nanyi mmenifanya niwashe taa usiku nitazame ramani. Nakusudia kufika mwanzoni mwa Desemba, nilale Kochi kidogo, kisha Alappuzha, na siku za mwisho niende Munroe, ingawa najua Mwenyeji wa Ruwi angependa nifanye kinyume. Kivuko cha Vaikom nimekitia.

Yamebaki mawili. Kochi yenyewe, je, ina njia za majini zinazofaa, au nipite tu? Na je, nitajuaje boti inakwenda wapi iwapo vibao vyote vimeandikwa Kimalayalam?

Mwanashela anajibu:

Usiipite Kochi. Tangu Aprili 2023 wana mtandao wa boti za umeme uitwao Kochi Water Metro, safi na za bei ndogo, unaounganisha visiwa na mji, na ukishuka Fort Kochi utaona zile nyavu kubwa za Kichina zinazoinuliwa kwa mihimili na mawe. Kwenye kanisa la Mtakatifu Francis lipo pia kaburi alimozikwa kwanza Vasco da Gama mwaka 1524, kabla mwili wake haujahamishiwa Ureno. Yuleyule wa nguzo ya Malindi. Jioni moja inatosha.

Kuhusu vibao, ni kweli, mbele ya boti jina la mwisho wa safari mara nyingi huandikwa kwa Kimalayalam peke yake, na boti tatu zikiwa zimefungwa ubavu kwa ubavu unaweza kulazimika kupita ndani ya mbili kuifikia ya kwako. Kuna dirisha la maulizo gatini na Kiingereza chao ni kizuri. Tiketi hukatwa humo ndani na mkuu wa boti mwenye mkoba. Mtajie jina la kituo unachokwenda, naye atakuonyesha ukae wapi na kukuita mkifika. Mwombe akuandikie jina la kituo hicho kwa maandishi yao kwenye daftari lako, ili wakati wa kurudi umwonyeshe yeyote aliyeko kwenye ngazi. Boti ya mwisho ya kurudi iulizie kabla hujapanda ya kwenda, kwani kwenye matawi mengine huondoka mapema kuliko ulivyotarajia. Begi la magurudumu liache Alappuzha kwa mwenye nyumba na uende na mkoba wa mgongoni: kutoka botini hadi ngazini ni kuruka, na mkono mmoja lazima uwe mtupu.